Mafumbo mezani: namna ya kuongoza wanaoanza mchezo wa kuigiza

Jeu de rôle, ao mchezo wa kuigiza mezani, hauombi vitu vingi: watu wanne ao watano, meza moja, kalamu na karatasi. Mmoja ni mwongozaji. Yeye anaeleza mahali na mambo yanayotokea. Wengine, kila mmoja anashika mtu mmoja wa hadithi na kusema anafanya nini. Mchezo wa kwanza wa namna hiyo kuuzwa, Dungeons & Dragons, ulitoka Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Vitabu vyake ni vya bei, lakini sehemu ya msingi ya sheria zake inapatikana bure ku intaneti, hata kwa Kifaransa. Kete ya pande 20 ikikosekana hapa Likasi, vikaratasi 20 vyenye namba ndani ya kopo vinafanya kazi ileile.

Kwa mtu anayeanza, mapigano yanaleta mahesabu mengi. Fumbo linaomba kusikiliza na kufikiri tu. Njo maana hadithi ya mafumbo ni mlango mzuri wa kuingilia.

Lakini njo hapo pia meza nyingi zinakufa. Mwongozaji anatoa fumbo, jibu moja liko mu mfuko wake, anangoja. Wale waliofika mbali ku masomo wanajaribu mara mbili, mara tatu. Wanaambiwa hapana. Yule aliyeacha masomo ku primaire anakaa kimya, anaangalia simu yake. Kwake meza imegeuka darasa, na darasa alikwisha kulikimbia. Juma inayofuata harudi tena.

Hata wenye mchezo wenyewe walijua fumbo linaweza kuua. Mwaka 1975 Gygax alipeleka ku mashindano hadithi yake Tomb of Horrors, kaburi lenye mitego na mafumbo, mahali ambapo kugusa kitu kibaya mara moja kunamaliza mtu wako. Aliitengeneza ili kupima wachezaji waliojiona wakali. Kuiweka mbele ya wanaoanza ni kama kumpa mtoto wa première primaire mtihani wa Examen d'État.

Dawa inayojulikana zaidi ilielezwa mwaka 2008 na Justin Alexander, mwandishi wa michezo wa Marekani: kwa kila jambo ambalo wachezaji wanapaswa kugundua, weka alama tatu, si moja. Moja watapita bila kuiona, nyingine watailewa vibaya, basi ibaki hata moja ya kuwasaidia.

Tuchukue mfano wa nyumbani. Katanga iliyeyusha mukuba miaka mingi mbele ya Union Minière, na Wayeke walijua kuuvuta mpaka uwe waya. Basi hadithi: fundi mzee wa mukuba amekufa, ameacha ghala ndani ya kilima, ngambo ya Lufira. Ku mlango wa jiwe kuko mifereji iliyochorwa: mraba mmoja na mistari miwili inayokatana katikati, toka kona mpaka kona. Pembeni kuko waya mmoja mrefu. Lazima upite mu kila mfereji mara moja, bila kuukata na bila kurudi mu mfereji uliokwisha kupita. Waya ukijaza mifereji yote, mlango unafunguka.

Wachezaji watajaribu ku karatasi, na watashindwa, kwa sababu mchoro ule hauwezekani. Ku kila kona ya mraba mistari mitatu inakutana. Kona yenye hesabu isiyogawanyika kwa mbili inaweza kuwa paka mwanzo ao mwisho wa safari ya waya, na hapa kona za namna hiyo ni nne. Mtaalamu Leonhard Euler alieleza kanuni hiyo mwaka 1736. Lakini ukiongeza paa juu, mistari miwili kama ya nyumba, kona za juu zinakuwa na mistari minne minne. Zinabaki mbili za chini. Waya ukianzia kona moja ya chini, unamalizikia ku ingine.

Kwa hiyo jibu ni paa, na paa linapaswa kuwa lilikwisha kuonekana. Alama ya kwanza: mu chumba cha kuingilia kuko jiwe la pembe tatu lenye mifereji miwili, linatumiwa kama kiti. Ya pili: juu ya mlango kuko nafasi tupu ya kipimo kile kile. Ya tatu: mvushaji wa mtumbwi aliwaambia mapema kwamba marehemu alikuwa anacheka nyumba zisizo na paa. Aliyekaa kimya tangu asubuhi anaweza kuwa njo yeye anayekumbuka kile kiti. Haiombi kujua kusoma.

Mchezo wa mstari mmoja si mgeni kwetu. Mwanzo wa karne ya 20, Emil Torday, Mhungaria, alikuta watoto wa Bushongo mu Kasai wakichora mu mchanga bila kuinua kidole, wakamwomba naye ajaribu. Wachokwe, ambao wako mpaka upande wa Lualaba, wana michoro yao ya mchanga, sona.

Na kama wameshindwa kabisa? Waache wavunje mlango, lakini kwa gharama: kelele inaamsha walinzi, ao nusu ya mali inafunikwa na mawe. Hadithi inaendelea. Mwongozaji asibaki kusema "tafuteni tena". Na wakileta jibu ambalo hakulifikiria, lakini lina akili, alikubali. Waila wa Zambia wana hadithi ya mtu anayetaka kuvuka mto na chui, mbuzi, panya na kitunga cha mahindi, mtumbwi unabeba kitu kimoja tu pamoja naye. Wengi wanajua ile ya vitu vitatu, inayoisha kwa safari saba. Hii ya vine haina njia, na yule mtu, kwa kuwa hataki kuacha hata mnyama mmoja, anaamua kubaki ng'ambo yake. Mwalimu wa hesabu angempa zero. Mezani ni jibu zuri sana.

Mafumbo ya kucheza na maneno ni ya kuepuka pale watu hawana lugha moja. Neno lenye maana mbili kwa Kifaransa linakufa likipita mu Swahili, na linamwacha nje yule wa Kisanga ao Kiluba. Vitu vya kushika mkononi ni bora: mawe, uzi, vifuniko vya chupa.

Kuko jambo moja zito. Michezo hii ya Wazungu imejaa wachawi. Hata Marekani, mu miaka ya 1980, vikundi vya wazazi viliishitaki kwamba inafundisha ushetani. Kwetu mtoto akisikika usiku anasema "mimi ni mulozi, naruka", anaweza kupata matata ya kweli na jamaa, ijapokuwa sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inapiga marufuku kumshitaki mtoto kwa uchawi. Sheria iko mbali, jirani iko karibu. Mwongozaji mwenye akili anaweka mafundi, wawindaji na wavuvi pahali pa wachawi, anacheza mchana, mlango wazi, na anamkaribisha mama ao yaya wa mtoto kukaa kando na kusikiliza. Mafumbo mawili ao matatu yanatosha kwa masaa mawili. Likibaki moja halijafunguliwa, litangoja juma inayokuja.