Mradi Wetu wa Watoto wa Shule: Kutoka Ubuyu Mpaka Taulo



Katibu wetu ameshaeleza katika kurasa zilizotangulia jinsi tulivyoanza mwaka 2015, akina mama 22, hisa moja shilingi 2,000, kikao kila Jumatano. Hayo hatuyarudii. Sisi tumepewa kueleza habari ya mradi wa kuwauzia watoto wa shule, kwa maana ndio uliotugombanisha kuliko mwingine wowote, na ndio unaotuweka mjini mpaka leo.

Huku kwetu Muheza hela hufuata machungwa. Msimu ukiwepo, marejesho yanakuja bila kuitwa. Msimu ukiisha, mama anakaa kwenye kikao ameinamisha kichwa. Basi mwaka 2017 tukakaa tukajiuliza, nani hapa anashika hela kila siku bila kungoja machungwa? Mmoja wetu akasema, watoto. Tulicheka. Lakini ni kweli, mtoto wa darasa la tano anapewa hamsini au mia kila asubuhi, na jioni hana. Halafu watoto wenyewe walikuwa wameongezeka. Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, kuanzia awali mpaka kidato cha nne, madarasa yalifurika na njia ya shule asubuhi ikawa kama mnada.

Tukaanza na ubuyu na karanga, pakiti ya 50 na ya 100. Wiki ya kwanza tulipata hasara. Tulipika ubuyu wa kistaarabu, sukari ya wastani, rangi kidogo, pilipili hakuna, kwa vile tulifikiri kama mama anayemlisha mtoto wake. Watoto wakaonja wakaenda zao. Kumbe ubuyu usiopaka ulimi rangi kwao si ubuyu! Tukaongeza rangi ya chakula, iliki na pilipili, na ndani ya siku tatu ndoo ikawa inarudi tupu. Hapo ndipo tulipojua kwamba huyu ni mteja kamili mwenye mdomo wake, si mtoto wa kuamuliwa.

Sasa tunafika mahali ambapo baadhi yetu walitaka tusiandike. Tumekata shauri kuandika.

Tulianza kukopesha watoto. Hatukuona ubaya, maana sisi wenyewe ni watu wa mikopo. Muuzaji wetu alikuwa na daftari, anaandika jina la mtoto na deni. Mwaka 2018 Jumatano moja mwenzetu mmoja alikuja kikaoni, akafungua pindo la kanga atoe rejesho la shilingi 6,000, akakuta 2,200. Akaapa kwamba alifunga zote. Tukamtoza faini ya shilingi 1,000 kama katiba inavyosema, na wengine walimcheka. Jioni akambana binti yake, mtoto wa darasa la sita. Binti akalia, akasema alikuwa akidaiwa ubuyu shilingi 3,800 na ameambiwa asipolipa atatajwa mbele ya wenzake. Yaani hela aliyotozwa faini kwa kuikosa ilikuwa ndani ya sanduku letu sisi wenyewe, mezani, mbele ya macho yake.

Alirudi Jumatano iliyofuata na binti amemshika mkono. Jamani, siku ile hakuna aliyecheka. Tulilifungua daftari tukakuta watoto 41 na deni la jumla shilingi 62,300, na kati yao wanane walikuwa ni watoto wa wanachama. Tulimrudishia hela yake na faini yake, tukafuta madeni yote, muuzaji tukambadilisha. Yule mama alichukua hisa zake akaondoka. Tumemwendea mara mbili kumwomba radhi. Anatukaribisha chai, ila kikundini hajarudi.

Baada ya hapo wengi walitaka mradi ufe. Uliokoa mradi ni mjadala mwingine kabisa. Wasichana wakubwa walikuwa hawaji kununua ubuyu siku fulani fulani, na hata shuleni hawaendi. Sisi ni wanawake, tukaelewa. Taulo za kike dukani kwetu zilikuwa kati ya shilingi 1,500 na 3,000 kwa pakiti. Julai 2018 serikali ilifuta kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo hizo, tukangoja bei ishuke. Haikushuka kwetu. Julai 2019 kodi ikarudishwa, na sababu iliyotolewa Bungeni ni hiyo hiyo, kwamba mnunuzi hakuona nafuu.

Basi tukashona za kufua. Tulitumia flaneli ndani, pamba juu, na chini kitambaa cha mwavuli kisipitishe maji. Tulizishona nyeupe, maana kwetu sisi weupe ni usafi. Tukawauzia akina mama wawapelekee mabinti. Akina mama walinunua, mabinti hawakuvaa! Tungejifunza kwenye ubuyu, lakini wapi. Tulikuwa tumemuuliza mwenye hela, mvaaji hatukumuuliza.

Tukawaita wasichana kumi na wawili nyumbani kwa mweka hazina, bila mama zao. Walinyamaza nusu saa nzima. Halafu mmoja wa kidato cha pili akasema nyeupe haitakati, na ukiianika kila mtu anajua ni nini, kwa hiyo wanazianika chini ya kitanda. Hapo tukashtuka, maana taulo isiyopigwa jua haikauki vizuri na inaweza kuleta maradhi. Mwingine akasema, shoneni kwa vitambaa vya maua, ikianikwa ionekane kama leso. Na kibegi chake kiwe kama cha kalamu, ili ukikiweka juu ya dawati mvulana asijue. Tukafanya vile vile walivyosema.

Bei tukaweka shilingi 1,500 kwa moja. Kukopesha hatukuthubutu tena, tukageuza. Msichana anapewa kadi ya vyumba 15, kila Jumamosi analeta 300 tunagonga muhuri. Vikifika vitano anachukua taulo moja, na kadi ikijaa anazo tatu na kibegi. Anaweka kwanza, anachukua baadaye. Ni hisa hizi hizi zetu, ila za mtoto.

Mwaka 2019 tukapata mkopo wa halmashauri usio na riba, katika ile asilimia 4 ya akina mama, tukanunua vyerehani viwili. Halafu Machi 17, 2020 shule zikafungwa kwa ajili ya korona. Taulo 180 kabatini, mnunuzi hakuna, marejesho yanadaiwa. Mwezi Mei kura ya kuvunja kikundi na kugawana ilipigwa, 11 kwa 10. Kura moja tu. Tulishona barakoa tukalipa kidogo kidogo, na Juni 29 shule zilipofunguliwa wasichana walikuja na kadi zao, nyingine zimekunjamana na kulowa. Kila muhuri tuliuheshimu.

Leo kadi zilizoko mikononi mwa wasichana ni 64. Ubuyu bado tunauza, kwa hela mkononi tu. Mwezi uliopita wavulana walikuja kuuliza kwa nini wao hawana kadi, wanataka kuweka akiba ya viatu vya mpira. Wengine wetu wanasema hiyo si kazi yetu. Jambo hilo liko kwenye ajenda ya Jumatano ijayo, na wavulana wawili wamealikwa kuja kusema.