Nani Alipe Jaribio Likishindwa? Funzo la Eneo Tengefu la Kuruwitu

Katika Kiswahili cha kila siku, "thubutu" ni onyo zaidi kuliko himizo. Mtoto akinyoosha mkono kwenye sufuria ya moto, mama husema "Thubutu!" na mkono hurudi. Wataalamu wa maendeleo hulitumia neno hilohilo kinyume chake: wanakijiji wathubutu, wabuni, waache mazoea. Semina hufanywa, soda hunywewa, posho hugawanywa, na mazoea hubaki palepale. Kisha ripoti huandika kwamba wananchi wanaogopa mabadiliko, hivyo uhamasishaji zaidi unahitajika. Makala hii inaipinga ripoti hiyo. Ninadai kwamba jamii hujaribu jambo jipya pale hasara ya kukosea inapobebeka, na inapojulikana ataibeba nani. Isipobebeka, kukataa ni hesabu nzuri tu.

Chukua Kuruwitu, katika pwani ya Kilifi nchini Kenya. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 samaki walikuwa wameadimika. Joto la El Niño la 1998 lilikuwa limeyaua matumbawe mengi ya pwani hiyo, majuya yalikokota hadi samaki wachanga, na wavuvi walizidi kuongezeka. Mwaka 2005 wazee wa baharini walikubaliana kutenga hekta 30 za maji ya ndani ya mwamba, asivue mtu humo, awe wa dema, wa mshipi au wa bunduki. Sehemu za namna hiyo zikaja kuitwa tengefu, na vijiji vingine vya pwani vikaiga.

Kwenye ramani, hekta 30 ni kidoti. Tatizo ni kwamba ramani haionyeshi kusi. Kusi, upepo mkali wa msimu, likivuma, vyombo vidogo havithubutu kutoka nje ya mwamba, na wavuvi wote hubanana katika maji ya ndani. Mwenye mashua nzuri anaweza kuvumilia hadi kaskazi, bahari inapotulia, akaenda mbali. Anayevua kwa miguu hana kaskazi ya kungojea, na ukimfungia ufuo wake umemfungia jikoni. Vivyo hivyo kwa wanaotembea mwambani maji yakitoka wakati wa bamvua, na fimbo mkononi, wakitafuta pweza mashimoni. Miongoni mwao wamo wanawake wengi, na mara nyingi hawamo kwenye kikao kinachopitisha uamuzi. Kwa hiyo tunaposema "jamii ilithubutu", tuulize ni nani hasa ndani ya jamii aliyelala njaa kwa ajili ya uthubutu huo.

Kulikuwa na hofu nyingine, ya kisiasa. Serikali ilikuwa imeshaweka hifadhi za bahari Malindi na Watamu mwaka 1968, kisha Mombasa mwaka 1986, na wavuvi wakajikuta nje ya maji waliyoyarithi. Watu wa Diani walipoletewa mpango wa aina hiyo katika miaka ya 1990, waliukataa. Mbele ya historia hiyo, kufunga kipande cha bahari kwa hiari kulifanana na kumkabidhi mgeni ufunguo wa nyumba. Tena sheria haikuwa na nafasi ya jambo hilo: kanuni za BMU, yaani vikundi vya usimamizi wa ufuo, zilitoka mwaka 2007. Kwa miaka miwili mpaka wa Kuruwitu ulisimama juu ya makubaliano matupu.

Mbona walikubali, basi? Nadhani ni kwa sababu waliouchora mpaka ndio waliokuwa na uwezo wa kuufuta. Jaribio linalorudishika lina bei tofauti kabisa na lile linalotangazwa kwenye gazeti la serikali.

Bei hiyo hutegemea hata maumbile ya kiumbe chenyewe, jambo ambalo semina husahau. Kule Andavadoaka, Madagaska, wavuvi wa Kivezo walianza mwaka 2004 kufunga sehemu za mwamba kwa miezi michache ili pweza akue. Pweza huishi takriban mwaka mmoja na hunenepa haraka. Siku ya kufungua, faida huonekana kwenye mizani. Wazo hilo limefika hadi Pemba. Matumbawe hayana haraka hiyo, na anayeyasubiri anahitaji chakula cha miaka.

Mara nyingine, hata hivyo, jaribio huwa rahisi na serikali ndiyo inayolipandisha bei. Mwaka 2013, wafanyabiashara wadogo wa mtaa wa Bangladesh, Mombasa, walianza kutumia vocha zao, Bangla-Pesa, ili muuza mboga na kinyozi wahudumiane shilingi zinapoadimika. Likishindwa, hasara ni makaratasi. Badala yake watu walikamatwa na kushtakiwa. Mashtaka yaliondolewa mwaka huohuo, na baadaye wazo likahamia kwenye simu kwa jina la Sarafu. Lakini jirani aliyeona pingu hahitaji kuelezwa kwa nini anyamaze.

Kama kizuizi ni hasara, basi dawa ni kuifidia. Wapo watakaosema kwamba kufanya hivyo kutawazoesha watu kungojea posho. Hofu hiyo ina msingi, na tabia ya posho imeshaharibu mengi. Lakini kumlipa mtu ili akubali ni rushwa ya adabu. Kumshika mkono asianguke baada ya kukubali mwenyewe ni bima, na wenye mashirika hawaendi kazini bila bima.

Kuruwitu ilitunukiwa Tuzo ya Ikweta ya UNDP mwaka 2017, miaka 12 baada ya uamuzi wa wazee, hatari ikiwa imeshapita. Ombi langu kwa wanaoandika bajeti za kaunti na za wafadhili ni dogo: punguzeni fungu la semina, muweke fungu la kuwafidia wavuvi katika kusi la kwanza baada ya kufunga maji, na kabla ya kuligawa mshuke ufuoni maji yakitoka, mkawahesabu wanaovua kwa miguu.