Askari wa Sentimita Mbili na Nusu, na Wapagazi wa Tabora

Leo mtanivumilia kidogo, sababu niko naandika historia nikianzia kwa vitu vya kuchezea watoto.

Nilipokuwa masomoni Liège, kila Jumapili nilikuwa napita kwenye soko la La Batte, pembeni ya mto Meuse. Siku moja mzee mmoja akaniuzia karto ya askari wadogo wa plastiki kwa euro tatu. Walikuwa wachafu, rangi inabambuka, bunduki zimepindika, wengine hawana mikono. Mwenzangu wa chumba akacheka sana: "Mkubwa, na lisanse yako yote, sasa umerudi kwa michezo?"

Kumbe ile karto ilikuwa na historia yake. Mchezo wa vita juu ya meza haukuanza na watoto. Mwaka 1824 jeshi la Prussia lilianza kufundisha maofisa wake kwa mchezo wa Luteni von Reisswitz: ramani, vibao vidogo na dadu. Mwaka 1913 Mwingereza H. G. Wells akaandika kitabu Little Wars, kanuni za kupiganisha askari wa chuma nyumbani. Lakini askari wa chuma walikuwa na bei. Njo maana mwaka 1959 una maana kubwa: kampuni ya Airfix ya Uingereza ilianza kutoa askari wa plastiki laini, karibu sentimita mbili na nusu kila mmoja, kibao kizima ndani ya sanduku moja la bei ndogo. Mwaka 1962 Donald Featherstone akatoa kitabu War Games, na vijana wengi wakaona kwamba hata mtu asiye na pesa anaweza kuwa na jeshi lake.

Ila sanduku halikuwa na kila jeshi. Ukikosa unayetaka, unamtengeneza: unakata kichwa cha huyu, unaweka kwa yule. Ile kazi ya kugeuza ikawa nusu ya raha yenyewe.

Nami nikajaribu. Kwanza niliwalaza katika maji ya vuguvugu na sabuni, nikawasugua kwa mswaki wa meno wa zamani. Rangi ya kale ikatoka yenyewe, sababu plastiki hii, politini, haishiki rangi vizuri. Bunduki iliyopindika unaiingiza katika maji ya moto, unainyoosha, halafu haraka katika maji baridi. Lakini uangalie: politini iliyozeeka inakuwa kavu kama biskuti. Askari watatu walinivunjikia mkononi siku ya kwanza. Gundi ya kawaida pia haisaidii kitu, inabanduka. Dawa yake ni kipande cha pini: unakichoma kati ya shingo na kichwa, kinashika kama msumari. Mbele ya rangi unapaka gundi nyeupe ya mbao, nyepesi, ikauke, ndipo rangi inakaa.

Sasa, niwageuze kuwa nani? Nikatafuta sisi tuko wapi katika yale masanduku ya zamani ya Airfix. Kuko Waroma, kuko kauboi, kuko askari wa Waterloo. Mwafrika mweusi nilimkuta ndani ya sanduku la Tarzan. Nilikaa kimya kidogo.

Hapo nikakumbuka nkambo ya papa yangu, wa kwetu Kalemie. Nyumbani tulisikia tu kwamba "alienda Tabora". Hakuna picha, hakuna karatasi. Tabora ni ile ya 1916: jeshi la Force Publique, maofisa Wabelgiji na askari Wakongomani zaidi ya 10,000 chini ya Jenerali Tombeur, lilivuka mpaka, likaingia Kigali mwezi wa tano, na tarehe 19 mwezi wa tisa likauteka mji wa Tabora kutoka kwa Wajerumani. Ubelgiji wanaujua huo ushindi. Kuko hata mnara wa Tombeur mjini Bruxelles.

Basi nikachukua askari wa Uingereza wa jangwani, wale wenye kaptula. Nikakata kofia ya chuma, nikaweka tarbushi niliyochonga kwa mabaki ya plastiki, nikapaka nyekundu. Viatu nikavikwangua na kuvipaka rangi ya ngozi, sababu wengi walitembea miguu mitupu. Baada ya majuma matatu nilikuwa na askari kumi na wawili wamesimama sawasawa juu ya meza. Nikapiga picha, nikamtumia papa.

Akanijibu kwa sauti: "Ni wazuri, mwanangu. Lakini nkambo hakubeba bunduki. Alibeba mzigo."

Wandugu, mimi nimesoma historia miaka mitano na sikuwahi kuuliza swali hilo. Nyuma ya wale askari walitembea wapagazi zaidi ya 200,000, na wengi walikufa kwa njaa, kuhara na uchovu, si kwa risasi. Bila wao hakuna sanduku moja la risasi lililofika Tabora.

Nikarudi kwenye karto. Chini walibaki wale waliovunjika bunduki, ambao nilitaka kuwatupa. Nikawakata kabisa kile kipande cha bunduki, nikawainua mikono kwa maji ya moto, nikawawekea mizigo ya mastiki kichwani. Walitoka tisa. Leo wako mbele ya meza yangu, askari wako nyuma.

Mwenzangu wa chumba hakucheka tena. Aliuliza tu: "Huyu wa kwanza njo nkambo?" Nikasema sijui, lakini anaweza kuwa.

Kwenu kuko mzee ambaye bado anakumbuka nani alienda Tabora? Mumuulize sasa, na mumuulize pia alibeba nini.