Herufi Moja Kwenye Hela

Msomaji, kila siku tunasema "sina hela", lakini ni wachache wanaojiuliza neno hilo limetoka wapi. Limetoka kwa Mjerumani. Mwaka 1904 serikali yake iliacha hesabu ya pesa 64 kwa rupia, ikaweka heller 100. Mwingereza alipoleta shilingi na senti, heller ikafa. Neno likabaki midomoni mwetu.

Basi ukibahatika kuikuta moja katika sanduku la bibi hapa Nyakahanga, usikimbilie kuuliza bei. Isome kwanza. Achana na taji, tafuta herufi ndogo iliyosimama peke yake. Ukiona A, ilipigwa Berlin. Ukiona J, ni Hamburg. Hizo zilivuka bahari. Lakini ukiona T, kaa kitako: hiyo ni Tabora!

Kisa chenyewe ni hiki. Vita ilipoanza 1914, manowari za Mwingereza zilifunga pwani, sarafu mpya hazikufika tena. Askari wanadai mshahara, serikali haina cha kuwalipa. Mwaka 1916 Wajerumani wakageuza karakana ya reli ya Lulanguru, jirani na Tabora, kuwa kiwanda cha fedha. Shaba nyekundu na ya njano, hata maganda ya risasi, vikawa heller 5 na 20. Dhahabu ya Sekenke ikawa rupia 15 yenye picha ya tembo. Mihuri haikulingana, ndiyo maana heller 20 nyingine zina taji kubwa na nyingine taji dogo. Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakaiteka Tabora, mchezo ukaisha.

Kwetu Karagwe Tabora si ugenini. Misafara ya biashara ilitoka huko hadi Kafuro zamani, kabla ya reli.

Sasa hatari. Mnunuzi wa vyuma chakavu hupima kwa kilo tu. Kwake T na A ni uzito uleule. Wengine wanasugua sarafu kwa mchanga ing'are, kumbe wanafuta herufi yenyewe. Ikishafutika, Tabora nayo imefutika.

Vitabu vinataja majenerali. T haimtaji hata fundi mmoja aliyetoka jasho pale Lulanguru. Sasa sisi wenye kalamu tusipowaandika wale, tunamngoja nani?