Hakuna Homoni ya Vinyweleo: Hoja Kuhusu Mwingiliano wa Homoni kwenye Jani

Vitabu vingi vya baiolojia hufundisha homoni za mimea kwa orodha: jibereli hurefusha shina, saitokinini huchochea seli kugawanyika, asidi ya jasmoniki huamsha kinga dhidi ya wadudu. Orodha hiyo hukaririka kwa urahisi, lakini haielezi jinsi vinyweleo vinavyoota juu ya jani. Makala hii inadai kwamba hakuna homoni ya vinyweleo. Kinachoamua ni hali ya protini chache ambazo homoni kadhaa huzigusa kwa pamoja. Athari ya homoni moja haisomeki mpaka ijulikane hali ya nyingine.

Ushahidi ulio wazi zaidi umetoka kwa Arabidopsis thaliana, mmea mdogo wa jamii moja na kabichi. Kinyweleo chake ni seli moja tu iliyoacha kugawanyika huku ikiendelea kunakili DNA yake, ikatanuka na kutoa, kwa kawaida, matawi matatu. Seli hiyo huteuliwa jani likiwa bado changa. Kazi ya uteuzi hufanywa na kundi la protini: GL1, GL3 au mwenzake EGL3, na TTG1. Kundi hili huamsha jeni GL2, ambayo husukuma mbele ujenzi wa kinyweleo. Papo hapo huchochea protini ndogo, kama TRY, zinazopenya hadi seli jirani na kuzizuia zisifuate njia hiyo. Ndiyo maana vinyweleo hukaa kwa kuachiana nafasi.

Homoni huingilia hapa. Mmea wa Arabidopsis wenye badiliko la jeni liitwalo ga1-3, ambao hauwezi kutengeneza jibereli ya kutosha, hukosa karibu vinyweleo vyote vya majani. Mtu angeweza kuhitimisha kwamba jibereli ndiyo yenye amri. Lakini mwaka 2003 watafiti Traw na Bergelson walionyesha kwamba asidi ya jasmoniki nayo huongeza vinyweleo, na kwamba homoni hizo mbili zikitumiwa pamoja huzaa ongezeko linalozidi jumla ya athari za kila moja.

Ziada hiyo ilipata maelezo mwaka 2014, katika utafiti wa Qi na wenzake. Pasipo jibereli, protini za DELLA huzishika GL1 na GL3. Pasipo jasmoniki, protini za JAZ huzishika hizo hizo. Kila homoni hufanya kazi kwa kusababisha kizuizi chake kivunjwe. Ni mlango mmoja wenye makufuli mawili: anayefungua moja tu hajaufungua mlango kikamilifu. Basi homoni hizi hazijumlishwi tu. Kila moja huitegemea nyingine.

Inaweza kupingwa kwamba jibereli ina njia nyingine, na ni kweli. Hupitia pia protini za GIS, GIS2 na ZFP8, na kwenye shina la maua GIS2 na ZFP8 hupokea vilevile ishara ya saitokinini. Lakini pingamizi hili linaongeza uzito wa hoja: hata huko homoni zinakutana, ila mahali pa kukutania pamebadilika kulingana na kiungo na umri wa mmea. Asidi ya salisiliki, ambayo huongezeka mmea unapopambana na baadhi ya vimelea, hupunguza vinyweleo na kudhoofisha athari ya jasmoniki. Ulinzi dhidi ya vimelea unaweza hivyo kugharimu ulinzi dhidi ya wadudu.

Jambo hili linamhusu mzalishaji wa mbegu. Katika kilimo cha pamba barani Afrika, aina zenye majani ya vinyweleo zimetumika kwa miongo mingi kujikinga dhidi ya chawa jani, wadudu wafyonzao utomvu. Lakini vinyweleo hivyo hivyo huweza kuwavutia nzi weupe. Nyuzi za pamba zenyewe ni vinyweleo vya mbegu, na humo DELLA huishika protini nyingine, GhHOX3, inayorefusha uzi. Kizuizi ni cha ukoo uleule, lakini kinachozuiwa ni tofauti. Kwa hiyo matokeo ya Arabidopsis hayahamishiki kwenye pamba bila kupimwa upya, na wingi wa vinyweleo usirekodiwe kama sifa isiyobadilika ya mbegu. Upimwe kwenye mmea usio na majeraha wala maambukizi, kwenye uliojeruhiwa na wadudu, na kwenye ulioambukizwa, kwa kuwa katika kila hali mizani ya homoni ni nyingine.