Taya la chini: ugomvi wa St. Louis na nauli ya Nairobi

Mwaka 2024 ilitimia miaka 50 tangu Chuo Kikuu cha Nairobi kianze kufundisha madaktari wa meno. Sisi wa Meru na Embu tuna sababu ya kuikumbuka tarehe hiyo. Kabla ya 1974, kijana wa Igembe ambaye taya lake la chini limetokeza, na meno ya mbele hayakutani hata kwa kuchuna ganda la miraa, hakuwa na daktari wa meno aliyesomea Kenya wa kumwendea. Hospitali za misheni zilikuwapo zamani: Dkt. Clive Irvine alifika Chogoria mwaka 1922 akisaidiwa na fedha za mkwewe, Ernest Carr, na Wamethodisti wakaanza kutibu Maua kabla ya miaka ya 1930. Lakini waliopanga foleni pale walikuwa na homa, vidonda na mimba ngumu.

Taya la chini kutokeza hivyo mara nyingi hurithiwa. Wafalme wa ukoo wa Habsburg waliipokezana kwa vizazi, na kuoana ndugu kwa ndugu kukaizidisha. Wakati mwingine kosa si la taya la chini, bali la juu lililodumaa. Na mtu mzima ambaye taya linaanza kukua upya, pamoja na mikono na miguu, achunguzwe uvimbe katika tezi iliyo chini ya ubongo.

Kuhusu upasuaji wenyewe, vitabu huanza na Simon Hullihen, aliyekata mfupa wa taya huko Marekani mwaka 1849. Mgonjwa wake, hata hivyo, alikuwa msichana aliyeharibiwa na kovu la moto. Taya lililokua kupita kiasi lilisubiri hadi 1897, mjini St. Louis, na hapo ndipo penye kisa.

Daktari mpasuaji Vilray Blair, kijana wa miaka 26, alikata kipande cha mfupa kila upande na kulirudisha taya nyuma. Daktari wa meno Whipple ndiye aliyekuwa nyuma ya shauri hilo. Mji huohuo ulikuwa na Edward Angle, bingwa wa kupanga meno na mtu asiyemeza neno. Angle akashika kalamu: matokeo yangekuwa bora zaidi kama meno yangepangwa na kushikwa kwa vyuma vilivyotengenezwa kwa vipimo. Kwa maneno mengine, mpasuaji alisogeza mfupa bila kujua meno yatakutana wapi. Angle aligombana na wengi, hata akafungua shule yake mwenyewe mwaka 1900, lakini katika hili mimi nampa haki. Blair naye, miaka kadhaa baadaye, aliandika kwamba mpanga meno aitwe mapema, kwa faida ya mgonjwa na ya mpasuaji.

Baada ya hapo Kostečka wa Prague alipitisha msumeno wa waya shavuni bila kuona anachokata. Hugo Obwegeser, kule Austria, akaja na njia ya kupasua mfupa kutoka ndani ya kinywa, uso usibaki na kovu. Ilichapishwa kwa Kiingereza mwaka 1957. Mwaka 1974 Bernd Spiessl wa Uswisi akaeleza namna ya kuukaza mfupa uliokatwa kwa skrubu, badala ya kufunga kinywa kwa waya wiki sita mgonjwa akinywa uji kwa mrija.

Tangu ugatuzi wa 2013, hotuba za kaunti zetu zimejaa majengo na mashine. Mpanga meno sijamsikia akitajwa. Ilhali kijana husubiriwa amalize kukua, pengine hadi miaka 20, kisha avae waya za meno kwa mwaka au zaidi kabla ya kisu, na miezi mingine baadaye, akirudi kliniki kila baada ya wiki kadhaa. Mdomo wa chini waweza kubaki na ganzi, na hilo aambiwe mapema. Anayetoka Maua kwenda Nairobi kwa matatu apige hesabu ya nauli ya miaka miwili kabla hajauliza bei ya operesheni.