Nidhamu ya Kanisa na Aibu ya Hadharani

Mathayo 1:19 husomwa sana majira ya Krismasi na kupitwa upesi. Yusufu amegundua kwamba mchumba wake ana mimba isiyo yake. Angeweza kumwanika mbele za watu. Anakusudia kumwacha kimyakimya. Mwinjili anaeleza sababu: Yusufu alikuwa mwenye haki. Kukataa kumwaibisha mwanamke hakukuipunguza haki hiyo. Ndiyo iliyomwongoza.

Aya hiyo ina kazi katika mabaraza ya wazee wa kanisa. Katika baadhi ya sharika za Kiprotestanti Afrika Mashariki, binti aliyepata mimba nje ya ndoa hutengwa na Meza ya Bwana, na siku ya kurudi kundini husimamishwa mbele ya ibada nzima. Kijana aliyempa mimba akikana, hana tumbo la kumsaliti. Huendelea kuimba kwaya.

Watetezi wa utaratibu huu humtaja Paulo, na hawamsingizii: aliwaagiza Wakorintho wamwondoe kati yao mtu aliyekuwa na mke wa baba yake. Lakini katika 2 Wakorintho 2 Paulo huyohuyo anamzungumzia mtu aliyekwisha kuadhibiwa (wengi wa kale walidhani ndiye yuleyule; wafafanuzi wa leo wanabishana) na kuwahimiza wamsamehe na kumtuliza, kwa hofu kwamba huzuni itamzidi nguvu. Kwa Mtume, basi, maumivu ya moyo wa mkosaji ni jambo la kupimwa, na adhabu ina mahali pa kukoma.

Andiko jingine linalotajwa ni 1 Timotheo 5:20, kuhusu kuwakemea wakosaji mbele ya wote. Aya inayolitangulia inahusu mashtaka dhidi ya wazee wa kanisa. Ikisomwa mahali pake, karipio la hadharani linawalenga kwanza viongozi. Sharika hizo zimeligeuza: binti wa miaka kumi na minane anasimamishwa mbele, naye mzee aliyekula sadaka anazungumziwa ofisini, mlango umefungwa.

Uamsho wa Afrika Mashariki, uliopata nguvu Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ulizoesha waumini kuungama mbele ya wenzao. Hata hivyo, roho ya desturi ile ilikuwa hiari. Kumwita mtu kwa jina na kumsimamisha ni jambo jingine kabisa.

Kanisa la kale nalo lilikutana na swali hili. Mwaka 459 Papa Leo wa Kwanza aliwaandikia maaskofu wa Italia akikataza orodha za dhambi za watubuo kusomwa mbele ya watu. Alihofia kwamba wengi wangeikimbia toba kwa aibu, au kwa kuogopa adui zao wasije wakapata la kuwashtaki. Binti anayejua kinachomsubiri Jumapili ana sababu hiyohiyo ya kuhamia dhehebu jingine, au kutoa mimba kabla wazee hawajapata habari.

Nidhamu haihitaji jukwaa. Hatua ya kwanza katika Mathayo 18 ina watu wawili tu, na kusanyiko linaingia pale tu mkosaji anapokataa kusikia. Binti aliyekwisha kutubu mbele ya mchungaji wake hajafika hatua hiyo.